Kipande Kilicho Kabla ya Changu

Wimbo wa nyumbani kwetu hauna maneno. Nauita wimbo kwa kukosa jina jingine, maana hakuna aliyewahi kuuimba. Hupigwa kwa inanga peke yake. Inanga ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na tumbo, kama hori dogo la kunyweshea ndama, na juu yake hupita uzi mmoja wa kano za ng'ombe, ukienda na kurudi kwenye meno ya ubao mpaka zinakuwa nyuzi nane. Zinaonekana nane, lakini ni uzi mmoja. Ukikaza huku, kule kunabadilika. Jambo hilo limenitesa kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu mimi ni mtu asiyeweza kuacha kitu kikae karibu na sawa. Lazima kiwe sawa.

Wapigaji wengine wa kwetu Ngara hunong'ona wanapopiga: habari za ng'ombe, za watemi wa zamani, za wanawake waliowakataa. Baba pia alinong'ona, na alisifiwa. Lakini alipofika kwenye wimbo wetu alifunga mdomo.

"Leo mzee kameza ulimi," walisema majirani waliokuja kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Baba alitabasamu akaendelea kupiga.

Hakukuwa na cha kunong'ona kwa sababu habari yenyewe ilikuwa sisi. Kila aliyezaliwa au kuolewa katika nyumba yetu alikuwa na kipande chake katika wimbo, kifupi tu, muda wa kumenya ndizi moja. Siku mtoto anapotolewa nje kuonyeshwa kwa watu, mwenye inanga alikaa mlangoni akapiga wote tangu babu wa babu yake, na mwishoni akaongeza kipande kipya. Mtu akifa, kipande chake hakikuondolewa. Kilibaki palepale katika zamu yake, ila mpigaji alizibana nyuzi kwa upande wa kiganja zisilie. Ulisikia vidole vikigusa, ulisikia mwendo wa yule mtu, lakini sauti ilikuwa kavu, kama mtu anagonga gogo lililolowa.

Kwa hiyo wimbo ulianza na ukavu mrefu wa watu ambao sikuwajua, kisha ghafla ulifunguka, ukalia. Huyo alikuwa baba. Alifuata mama. Kisha ukavu tena, mfupi sana: dada yangu wa kwanza, aliyekufa kwa surua kabla hajatembea. Kisha kaka. Kisha mimi, wa mwisho.

Na kulikuwa na sheria moja. Huruki mtu. Ukikosea, unarudi mwanzo.

Naandika haya kwa Kiswahili, lugha niliyoipata shuleni na kanisani, ingawa karibu yote yalisemwa kwa Kihangaza na kwa Kirundi cha mama. Kila ninapoandika alichosema mtu nahofia kwamba sijakiandika sawasawa. Kuandika nimejifunza mwenyewe kama nilivyojifunza kupiga, kwa kurudia mpaka ninajichukia. Msomaji anisamehe nikienda taratibu.

Mama alitoka ng'ambo ya mto, Burundi. Aliolewa huku Ntobeye akiwa msichana, na mama yake alibaki kule. Ghasia zilipoanza, watu walivuka wakiwa na magodoro kichwani, mbuzi, mashine za cherehani, watoto waliofungwa mgongoni kwa mashuka. Walipita Bukiriro, walipita kwetu, wengine walilala kwenye migomba yetu na asubuhi tukakuta majani yamelalwa. Mama alisimama njiani kila siku akiwatazama usoni wanawake wazee. Bibi hakuwamo.

Ndipo mama alipomwomba kaka aende kumchukua. Hilo halikuwahi kusemwa nyumbani kwa sauti, lakini nililisikia kwa masikio yangu. Kaka alikuwa amemaliza darasa la saba, ana baiskeli ya kubebea ndizi, ana miguu mirefu, na aliijua njia. Baba alikuwa shambani. Aliporudi, kaka alikuwa keshafunga shuka kwenye keria ya baiskeli ili bibi akalie.

"Inanga usiiguse," kaka aliniambia. Ilikuwa iwe yake siku moja. "Ukiigusa nitajua. Itanuka vidole vyako."

"Vinanuka nini?"

"Viazi vya kuungua, we kidudu."

Akaenda. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikasirika. Nilikuwa nanusa vidole vyangu wakati anashuka kilima, kwa hiyo sikumwona akipotea kwenye kona. Nimejaribu mara nyingi kumwona akipotea. Siwezi kuliweka jambo ambalo sikuliona.

Baba alipiga wimbo mara moja tu baada ya hapo, jioni ya mavuno ya maharage. Kaka alilia wazi wimboni, kama kawaida, nami nikafuata. Ndiyo mara ya mwisho kukisikia kipande changu. Sikukisikiliza. Nilikuwa nachambua maharage.

Kambi ya wakimbizi ilipokuwa imeshakuwa mji, mji mkubwa kuliko wowote niliowahi kuuona, wenye maturubai ya bluu mpaka juu ya kilima na malori yanayotimua vumbi jekundu, sisi wa vijijini tulienda kwenye gulio lake kubadilisha ndizi na viazi kwa mafuta ya kula. Mama alikwenda kila gulio. Ndizi zilikuwa sababu tu. Alikuwa bado anawatazama watu usoni.

Siku ninayoikumbuka, mama alikuwa na mkungu kichwani, nami nina kapu la viazi. Mwanamke mmoja wa kambini aliushika mkungu wetu akaugeuza geuza.

"Mama, ndizi hizi umezikata au zimekufa zenyewe?"

"Zimekonda kwa kukusubiri wewe," mama alimjibu, na wote wawili wakacheka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu mama alikuwa bado anacheka tulipousikia wimbo.

Ulitoka upande wa mafundi viatu. Mtu mmoja alikuwa amekaa juu ya debe tupu la mafuta, ana inanga mpya, mbao nyeupe, nyuzi za nailoni alizofumua kwenye magunia ya msaada. Alikuwa anapiga wimbo wetu. Babu wa babu, wake zake, babu, bibi mzaa baba, wote wakavu kama inavyotakiwa. Kisha baba, akilia wazi mbele ya watu waliokuwa wanapatana bei za soli. Kisha mama.

Nilimwona mama akijisikia humo wimboni. Alisimama na mkungu kichwani, mdomo wazi kidogo. Dada yetu alipita, mkavu. Mama aliinamisha macho, kama alivyofanya siku zote kwenye kipande hicho. Kisha ikaja zamu ya kaka.

Ilikuwa kavu.

Mama hakuutupa mkungu. Aliuteremsha taratibu, akauegemeza kwenye kapu langu usiumie, akaweka mikono kichwani, akalia. Sijawahi kusikia mtu akilia namna ile. Wanawake wa kambini waliokuwa karibu hawakuuliza kafiwa na nani. Walikuja wakamzunguka wakalia naye, kila mmoja wa kwake. Yule mpigaji alikuwa ameacha, ameukumbatia ubao wake kifuani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Wakati mama analia, jambo la kwanza lililonipita kichwani halikuwa kaka. Ni kwamba mpigaji alikuwa ameishia pale. Baada ya kaka alinyamaza. Mimi sikuwamo.

Baba tulimkuta kwenye migomba anakata majani makavu. Mama alimwambia akiwa bado mbali, kwa sauti ya juu, kana kwamba akikaribia hataweza.

Baba alishusha mundu. "Alibana kwa kiganja au kwa kidole?"

"Nini?"

"Huyo mpigaji. Kiganja au kidole?"

"Nakwambia mtoto amekufa, wewe unaniuliza kidole?"

Baba alinigeukia mimi. Nikasema gumba. Niliona kidole gumba.

"Kwetu ni kiganja," alisema. "Na kwa dada yako? Alibana kwa kipi?"

Sikukumbuka. Mimi, ninayekumbuka kila kosa langu la hesabu tangu darasa la kwanza, sikukumbuka. Nilianza kulia, naye hakuniuliza tena.

Mama hakusubiri. Jioni ile alinyolewa nywele. Akaweka jembe na panga juu ya dari, kwa sababu kwetu nyumba yenye msiba haichimbi udongo, na maharage yaliyokuwa yanahitaji palizi yakabaki na magugu. Majirani walikuja kukaa matanga. Hawakujua wakae upande gani, maana upande mmoja mama alikuwa chini kwenye nyasi analia na upande mwingine baba alikuwa anaziba tairi la baiskeli ya jirani aliyoiazima, kama mtu anayejiandaa kwenda safari. Mzee mmoja alimwambia, "Kaa chini na wenzio, we mtu." Baba akasema, "Nitakaa nikijua."

Tulikwenda wawili, mimi nimekaa nyuma, ili nimwonyeshe mpigaji. Hakuwa gulioni. Tulielekezwa mpaka kwenye mstari wa vibanda ambako wanaume walikuwa wanacheza bao kwenye mashimo ya ardhini. Mmoja aliniona akapiga kelele kuelekea kibandani:

"Mpiga inanga! Toka, baba mkwe amekuja! Kamleta na bibi harusi!"

Wakacheka. Mwingine akaongeza, "Mzee, mahari hapa ni mahindi ya njano tu, tena yana wadudu."

"Nina meno machache, mahindi hayanifai," baba alisema, wakacheka zaidi, wakampisha.

Mpigaji alitoka. Alikuwa na koti la suti lisilo na kifungo hata kimoja. Alinitambua, uso ukabadilika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza wimbo uliupata wapi."

Alituketisha juu ya gunia. Alieleza taratibu, akimtazama baba tu. Aliupata kwenye mafunjo, kando ya mto, upande wa kule. Walikuwa wamejificha humo watu wengi, maji yakiwafika magotini, wakingoja njia ya kuvuka. Karibu naye alikuwa kijana mrefu na bibi kizee. Kijana hakuwa na inanga. Alivuma kwa pua, chini chini, ili bibi asiogope, na vidole vyake vikipiga juu ya goti. Mpigaji, kwa kuwa ni mpigaji, aliushika. Alipofika huku akachonga ubao akaupiga ili asiusahau.

"Hukumuuliza jina?"

"Mzee, siku zile nani aliuliza jina?"

Baba akasema, "Huyu mtoto mdogo, wa sauti kavu. Kijana alimfanyaje?"

"Alizuia pumzi. Vidole vikagonga tu."

"Na anayefuata?"

"Anayefuata alimvuma vizuri. Kwa nguvu kidogo, mpaka bibi akamfinya."

"Sasa wewe mbona umembana?"

Mpigaji hakuelewa. Alichukua inanga yake akaipiga sehemu ile, akabana kwa gumba, kisha akaachia. Uzi ukatoa mlio mbaya, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Akatuonyesha. Jino la ubao, pale uzi unapopita, lilikuwa limepasuka.

"Mbao mbichi hii. Imepasuka tangu mvua, na uzi huu unaguswa kwenye kipande hiki tu. Nikiuacha uzi unanitia aibu mbele za watu, kwa hiyo naubana."

Ndiyo hivyo. Mama alikuwa amemlilia mtoto wake kwa sababu ya ubao uliopasuka. Hakuna watu wengine duniani ambao wangekosea namna hiyo isipokuwa sisi.

"Na baada ya hapo?" niliuliza mimi. Sikupaswa kuzungumza.

"Baada ya hapo hakuna. Kila akifika hapo aliacha." Kwa mara ya kwanza alinitazama. "Nilimuuliza, mbona hauishi? Akasema kinachofuata ni cha mdogo wake, akikianza atacheka, na mle ndani mtu akicheka tumekufa wote."

Baba aliinuka akatembea hatua chache, akatupa mgongo. Aliporudi aliuliza lililobaki. Mpigaji alisema walivuka alfajiri, kwa vurugu, mtumbwi mmoja na watu wengi. Bibi alikuwa ameachwa nyuma, hakuweza kutoka kwenye tope. Kijana alikuwa tayari na mguu mmoja mtumbwini. Akautoa.

"Alirudi kumchukua bibi," alisema. "Sikumwona tena. Lakini mzee, sikumwona akifa."

Njiani kurudi baba alisukuma baiskeli hata kwenye mteremko. Nilidhani tunapeleka habari njema. Kichwani nilikuwa naipanga jinsi nitakavyomwambia mama, neno hili kwanza, lile baadaye.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakuinuka kwenye nyasi.

"Alirudi nyuma," alisema.

"Alikuwa hai," baba alisema. "Ni ubao uliopasuka. Mtoto hakubanwa na mtu."

"Alirudi nyuma kumchukua mama yangu. Alitumwa na mimi, akamfuata mama yangu, akarudi nyuma." Alikuwa anazungumza kwa sauti ya kawaida, kama anahesabu vikombe. "Nimeshamlilia. Nimenyolewa. Unataka nimtoe nimrudishe njiani, nianze kumsubiri tena? Kisha nimlilie mara ya pili?"

"Nataka usubiri na mimi."

"Siwezi."

Matanga yaliisha, mama akashusha jembe. Inanga baba aliitundika juu ya mlango, kwa ndani, na hakuishusha. Hakuacha kupiga kwa sababu ya hasira. Ni kwamba wimbo ule ulikuwa na mahali ambapo lazima mkono wake uamue, na ule mkono haukuweza. Nyimbo nyingine za ng'ombe na watemi aliweza kupiga, lakini mpigaji akishusha inanga nyumbani kwake hupiga kwanza wa nyumba yake. Akikwepa huo, wote wanajua anakwepa.

Misimu ilipita namna hiyo. Rubisi ikiiva, wageni wakiondoka, mama alisema, "Piga."

Baba aliendelea kukusanya vibuyu.

"Piga umbane. Apumzike."

"Sibani mtoto ambaye sijamzika."

"Basi mpige wazi, niseme uongo na wewe."

Wakati mwingine baba alitoka nje, wakati mwingine mama ndiye aliyetoka. Nilikuwa nasikia kutoka chumbani nikiwa nimeshika pumzi, nikitumaini mmoja atashinda. Sikujali yupi.

Kambi ilipungua. Watu wengine walirudishwa kwao, wengine walihamishiwa kambi nyingine mbali, mpigaji wetu akiwa mmojawapo. Kilima kikabaki na visiki na mashimo ya bao. Miti iliyokatwa haikurudi. Baba alienda kwenye kila kambi aliyosikia, kwa baiskeli, mpaka huko Biharamulo, akiuliza kijana mrefu na bibi. Kila mara alirudi na jibu lilelile. Vijana warefu walikuwa wengi.

Mimi nilianza kuigusa inanga wakati wao wapo shambani. Mwanzo sikuthubutu kuiliza. Nilipitisha vidole juu ya nyuzi bila kuzivuta, nikipiga wimbo wote kimya. Halafu nikavuta moja. Halafu nyingine. Nilikuwa nimeusikia tangu tumboni, nikadhani kuujua na kuupiga ni kitu kimoja. Nilikosea kwa babu wa babu. Nilirudi mwanzo. Nilikosea kwa mke wake wa kwanza. Nilirudi. Nilikuwa naharibu kucha, naosha vidole kwa majivu ili visinuke, kwa sababu ya maneno ya kaka. Msimu mzima haukunitosha kumfikia bibi mzaa baba bila kosa.

Siku moja nilipoinua macho baba alikuwa dirishani kwa nje, jembe begani.

"Babu yangu hakuwa na haraka hivyo," alisema. Akaenda zake.

Huko ndiko kulikokuwa kufundishwa kwangu. Hakunionyesha kidole hata kimoja. Alipita tu na kusema habari za watu. "Huyo alikuwa mchoyo, usimpe nguvu." "Huyo mwanamke alichechemea, hujamsikia?" Kumbe hata waliobanwa walikuwa na mwendo wao mle ndani ya ukavu. Nilirekebisha, nikarekebisha. Ilifika mahali nilimpiga baba mwenyewe, wazi, yeye akiwa amekaa mlangoni akisikiliza. Nikampiga mama. Nikambana dada yetu kwa kiganja. Kisha baba akasema:

"Basi. Inatosha leo."

Kila siku ilitosha hapo.

Nilimwomba. Nilimwambia sitaki kuupiga wote, anionyeshe kipande changu tu, kwa sababu nakumbuka namna tatu za kukipiga na sijui ipi ndiyo yenyewe. Moja ina kurukaruka kama kwikwi. Nyingine inapanda na kuanguka. Ya tatu nahofia nimeiota.

"Chako kiko baada ya cha kaka yako," baba alisema.

"Naruka tu, baba. Mara moja."

"Utamruka vipi? Alale wapi?"

Nimeshaanza kuungama, basi niungame lote. Zilikuwepo jioni nilizotamani kaka apatikane, hata mfupa, hata kiatu. Sikutamani hivyo kwa ajili ya mama. Nilitaka baba ambane, tupite, tufike kwangu. Nilikuwa tayari kumuua ili nijisikie wimboni. Halafu nilikwenda kanisani kusali arudi, na sala zote mbili nilizisali kwa moyo.

Ugonjwa wa baba ulianza na mkono wa kulia. Jembe lilimtoka akalitazama chini kama la mtu mwingine. Kisha mguu. Kisha maneno yakawa mazito, ukimwelewa kwa kumtazama zaidi ya kumsikia. Alasiri moja, mama yuko kisimani, nilimwinamia nikamuuliza tena. Sikuwa na haya. Nilijua yeye ndiye mtu pekee duniani anayekijua kipande changu.

Alinitazama kwa muda. Kisha vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kusogea juu ya blanketi. Nilishuka mpaka macho yangu yakawa karibu na vidole vile. Viligusa, vikapumzika, vikagusa upesi upesi mara kadhaa, vikaacha. Niliviomba virudie. Havikurudia. Huenda ndicho kilikuwa kipande changu. Huenda ilikuwa homa, maana vidole vya mgonjwa husogea tu. Hata kama kilikuwa chenyewe, blanketi halina nyuzi.

Tulimzika kwenye migomba. Siku ya kumaliza matanga, wazee wa ukoo walisema wimbo lazima upigwe, mwenye nyumba abanwe, asibaki akilia wakati yuko ardhini. Mmoja alipoona naishusha inanga alisema, "Sasa tunapigiwa na sketi?"

"Kama yupo mwenye suruali anayeijua, aje," mama alisema.

Hakuja mtu.

Niliupiga vizuri. Nasema hivi mimi, nisiyejisifu kwa lolote: sikukosea hata mahali pamoja. Mchoyo nilimpa uchoyo wake, na yule bibi alichechemea. Nilipofika kwa baba niliweka kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu niijue dunia mahali wimbo ulipokuwa ukifunguka haukufunguka. Ukavu ukaendelea. Kisha mama akalia peke yake, baba mkavu nyuma yake, mtoto wake mkavu mbele yake, sauti moja tu katika wimbo mzima. Niliona anasikia hivyohivyo. Nikapita kwa dada.

Mkono wangu ulisimama hewani. Kiganja kilikuwa tayari karibu na nyuzi, kwa sababu miaka yote ile mama alikuwa amesema abanwe, na sasa hakuna wa kumpinga. Nilimtazama anipe ruhusa.

"Usimbane," mama alisema.

Wazee wakageuka.

"Nimwache alie?"

Alionekana kama mtu aliyewekewa mzigo wa mwenzake juu ya ule wake. "Hapana," alisema. "Hapana, usimwache."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Ngoja."

Nilingoja, mkono uko hewani. Mzee mmoja akakohoa. Kuku alipita katikati yetu. Kisha watu wakaanza kusimama mmoja mmoja, wakikung'uta nguo, wakisema umepigwa vizuri, wakidhani umekwisha.

Nimekuwa nikiupiga kila mavuno tangu hapo, mama akiwa amekaa mahali pa baba mlangoni. Sikosei tena. Nafika kwa dada, nambana, nasimama. Mama hasemi piga wala acha. Watoto wa jirani wanauvuma wakienda kisimani, nao wanaishia palepale, maana ndivyo walivyoukuta, na mmoja wao akijifunza inanga ataishia pale pia na atakuwa sahihi.

Zile namna tatu za kipande changu zimebaki mbili, kisha zimechanganyika zikawa kitu kimoja ambacho sikiamini. Nimejaribu kukitunga upya, kwa vidole juu ya goti, bila nyuzi, ili nisivunje sheria. Nimekitunga mara nyingi. Hakinichekeshi.